Kutoka jela hadi umarshali

Ndugu, umeuliza kama kuna afisa wa jeshi la Kisovyeti aliyefungwa enzi za Stalin kisha akapanda cheo vitani. Yupo: Konstantin Rokossovsky. Alikamatwa 1937 kwa tuhuma za ujasusi, akapigwa hadi meno yakang'oka, na bado hakukiri. Aliachiwa Machi 1940. Wajerumani walipovamia Juni 1941 alikuwa na kikosi cha vifaru huko Ukraine. Miezi michache baadaye Jeshi la 16 chini yake lilikuwa linaziba njia ya Moscow. Kule Stalingrad, majeshi yake ndiyo yaliyomlazimisha Paulus, kamanda wa Wajerumani, kusalimu amri mwanzoni mwa 1943. Kisha akapigana vita vya Kursk.

Ila kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kuwafukuza Wajerumani Belarus 1944. Alishikilia kwamba mji wa Bobruisk ipigwe kutoka pande mbili kwa mpigo, ingawa wakubwa walitaka pigo moja tu. Mpango ulifaulu, na kabla Juni haijaisha akawa Marshali wa Umoja wa Kisovyeti. Lakini kazi ya kuiteka Berlin hakupewa: Novemba hiyo Stalin alimhamishia kaskazini na nafasi yake akapewa Marshali Zhukov. Nadhani hilo lilimuuma kuliko meno.