Swichi ya ukutani haitoshi kubadilisha holda ya dari

Ukitaka kubadilisha holda ya dari, yaani kishikio cha balbu, kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Shusha breka ya taa, au meni swichi kabisa. Nyumba nyingi waya wa moto hufika darini kwanza ndipo ushuke kwenye swichi, kwa hiyo taa imezimika lakini pale juu bado kuna volti 230. Wengine hufunga swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya waya wa moto, na hapo holda yenyewe ina moto muda wote. Mimi ni fundi umeme, hayo mawili nayakuta sana kwenye nyumba za zamani.

Testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ijaribu kwenye soketi yenye umeme kabla hujazima, maana testa mbovu haiwaki na utadhani pako salama. Rangi za nyaya usiziamini: nyekundu na nyeusi za zamani, kahawia na bluu za sasa, lakini kuna wanaofunga waya wowote walio nao. Ukikuta nyaya zaidi ya mbili, piga picha kabla ya kufungua. Na TANESCO wakiwa wamekata, breka shusha vilevile. Umeme haurudi kwa hodi.