Muulize Fundi: Ubao wa makumbi umevimba masika

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni seremala wa Pangani. Kwetu makumbi ya nazi yamejaa hadi yanaziba njia, na karakana yangu haiishi vumbi la randa. Nilichambua makumbi, nikayachanganya na vumbi la mbao na gundi nyeupe, nikajaza kwenye fremu na kuweka mawe juu siku mbili. Ubao ulitoka safi, nikautia kwenye mlango wa kabati la mteja. Masika ilipoingia ukavimba, sasa unameguka kwa kidole. Nimerudisha hela ya watu. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa hasara. Wazo lako ni zuri, usiliache.

Gundi nyeupe, hata ikishakauka, hulainika ikikutana na unyevu. Hilo la kwanza. La pili ni mawe. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, ndio watu hujazia magodoro, na sababu ni kwamba ukiubana unataka kurudi ulivyokuwa. Mawe yalipoondoka, ubao wako ulikuwa unangoja tu gundi ilegee.

Nilifanya kazi miaka 19 kwenye kitengo cha gundi cha kiwanda cha chipbodi. Kule vipande vya mbao hukaushwa hadi unyevu ubaki kama asilimia 3, ndipo vinyunyiziwe gundi na kubanwa kwa moto unaozidi nyuzijoto 160 za Selsiasi. Makumbi yako ya kuanika juani, kwa hewa ya pwani, bado yana zaidi ya asilimia 10. Ukiyabana kwa moto hivyo, mvuke unakosa pa kutokea na ubao unapasuka katikati mara tu mashine inapofunguliwa.

Tena nakuomba, usinunue gundi ya yurea-fomaldehaidi, ile ya viwanda vya chipbodi, ukaichemshie uani kwako. Macho yalinitoka machozi kila zamu, nasi tukipewa maziwa tu, kana kwamba maziwa huzuia mvuke. Tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka fomaldehaidi kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Una watoto wanaocheza karibu na karakana, bila shaka.

Kwa mtu asiye na mashine ya moto, mimi ningeshika saruji badala ya gundi. Adui wa saruji ni sukari na rangi iliyomo kwenye makumbi na mbao: huizuia isigande. Kwa hiyo chekecha vumbi la kumbi ulitoe (lipeleke bustanini), loweka nyuzi na maranda usiku kucha, mwaga maji ya kahawia, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha anika.

Halafu pima kwa makopo. Kopo moja tia saruji na maji tu, jingine tia saruji na nyuzi ulizosuuza. Kesho yake kwaruza kwa msumari. La pili likiwa bado laini, rudia kuloweka, safari hii kwa maji moto. Fanya hivyo kwa kila aina ya mti unayoranda. Mninga na msonobari havifanani hata kidogo.

Anza na ubao mdogo, sentimita 30 kwa 30, unene 1.5. Nyuzi na maranda gramu 400, saruji kilo 1, na kalsiamu kloraidi gramu 20 hadi 30 iliyoyeyushwa kwenye maji ili saruji iwahi kushika. Vaa glavu. Ongeza maji kidogo kidogo: ukikamua konzi moja, ishikamane na kulowesha kiganja bila kudondosha. Tandaza sawasawa kwenye fremu ya chuma, bana kwa jeki ya tani 10, kisha funga kwa bolti ukiwa umebanwa vilevile, na usifungue kabla ya saa 24. Baada ya hapo ufunike kwa gunia bichi, uukalishe kivulini siku 28.

Ubao huo utakufaa kwa dari na kuta za kugawia vyumba. Kwa milango ya kabati, hapana: ni mzito, na skrubu ya ukingoni itaumegua. Mteja wako mtengenezee wa mbao.

Ukimaliza, kata kipande, kipime, kiloweke saa 24, kipime tena uzito na unene. Niandikie namba hizo, na aina ya maranda uliyotumia.