Kabla hujafungua nati ya usukani wa Altezza yako

Ngozi ya usukani wa Toyota Altezza yangu ilianza kubaki viganjani. Jua la Dar es Salaam lilikuwa limeipiga miaka mingi kupitia kioo cha mbele, na kila nikishuka nakuta vipande vyeusi vimenata kwenye jasho la mikono. Gari ni RS200 ya gia sita za mkono, injini ya 3S-GE yenye nguvu za farasi 210. Gari la spoti la namna hii unaliendesha kwa vidole: barabara ikichimbika, tairi likianza kuteleza kwenye kona, habari inafika kwanza kwenye usukani. Nikaamua kuubadilisha. Nilikosea mara mbili kabla sijapatia, na kosa la pili lingeweza kuniumiza vibaya, ndiyo maana naandika.

Kosa la kwanza lilikuwa dukani. Nilinunua usukani mdogo wa kipenyo cha milimita 320 wenye nembo ya Momo. Jina hilo lina historia ya kweli: Gianpiero Moretti, dereva wa mbio wa Italia, ndiye aliyeianzisha kampuni, na usukani wake ulikuwa kwenye Ferrari ya John Surtees aliposhinda ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1964. Heshima hiyo ndiyo inayowavuta waghushi. Wangu ulikuwa feki. Nilikuja kugundua nyumbani, nilipoushika pande mbili na kujaribu kuukunja kama mtu anayekamua nguo. Ulipinda. Jaribio hilo lifanye dukani kabla hujatoa pesa, kwa sababu siku ukikwepa bodaboda ghafla utauning'inia kwa uzito wako wote.

Halafu kuna matundu. Usukani wa nje, yaani usiotoka kiwandani na gari, haufungwi moja kwa moja kwenye shafti. Unahitaji kipande cha kati kinachoshika meno ya shafti upande mmoja na usukani upande wa pili, wenyewe wanakiita bosi. Momo hutumia bolti sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 70, Nardi, kampuni nyingine ya usukani, bolti sita kwenye milimita 74. Tofauti ni milimita 4 tu, na hapo ndipo utasikia fundi akikwambia, "Hiyo ndogo, kaka, tunapanua tobo." Usikubali. Tobo likishapanuliwa bolti haikai, inatafuta pa kukaa kila unapokata kona. Nunua bosi ya gari lako na ya usukani wako, au acha.

Na kipenyo chenyewe. Altezza ina mita za dashibodi za mtindo wa saa ya mkononi, ndogo ndani ya kubwa. Ule usukani wa 320 ulizikata katikati, ikabidi niinue shingo kuona mwendo. Ukilazimika kuweka usukani wa nje, mimi ningekaa kwenye 350 au zaidi.

Kosa la pili ni kwamba niliacha kazi mikononi mwa fundi, nikaenda kunywa chai. Niliporudi anagonga usukani kwa nyundo. Shafti ya usukani imeundwa ijikunje gari likigonga kitu kwa mbele, ili isimchome dereva kifua. Ukiigonga, unaigonga palepale palipokusudiwa kulegea. Pia hakuwa ameyanyoosha matairi ya mbele. Nyuma ya usukani kuna kifaa cha plastiki chenye utepe wa nyaya uliojiviringisha kama dawa ya mbu ya kuzunguka. Ndio unaopeleka umeme kwenye honi na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajalini, huku usukani ukizunguka. Una urefu wa kutosha mizunguko ipatayo miwili na nusu kila upande, basi. Ukiuzungusha ovyo usukani ukiwa nje, ukarudisha hivyo hivyo, siku utakayokata kona hadi mwisho unakatika. Wangu ulikatika nikigeuza gari, siku mbili baada ya kurudishiwa usukani wa zamani. Honi kimya, taa ya eabegi inawaka.

Taa ile ndiyo iliyonifanya nikae chini na kufikiri. Usukani wa nje, ule wa Momo au Nardi wa bolti sita, hauna eabegi. Watu hufunga rezista, kifaa kidogo kinachoidanganya kompyuta ya gari kuwa eabegi ipo, kwenye waya ili taa izimike, na gari linaonekana zima. Lakini kilichokuwa kinakusubiri kati ya kifua chako na chuma hakipo tena. Kwa gari la kukimbizwa uwanjani, lenye mikanda ya mbio na kiti chake, sawa. Kwa gari ninalolipitisha barabara ya Morogoro kila asubuhi na mtoto wangu pembeni, hapana. Msimamo wangu ni huo na sitaubadilisha kwa sababu ya picha nzuri.

Njia nyingine ni kununua usukani wa Toyota uliotumika, pamoja na eabegi yake. Hapa pia nakuomba uwe mwangalifu. Eabegi za kampuni ya Takata, zilizofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, Toyota ikiwemo, zilitumia kemikali ya amoniamu naitreti kuzifumua, na joto na unyevu vikiikaa miaka mingi, kopo lake linaweza kupasuka eabegi ikifumuka na kurusha vyuma. Zaidi ya watu 20 wamekufa duniani. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu ya pwani. Eabegi iliyolala bandani hujui ilikotoka, mimi sifungi mbele ya uso wangu. Usukani wenyewe nunua, eabegi baki na yako, na namba ya chasisi yako ipeleke kwa wakala wa Toyota waiangalie.

Mwishowe nilibaki na usukani wangu wa asili. Fundi wa viti aliushona upya kwa ngozi nyeusi kwa mkono, uzi mwekundu. Kuutoa na kuurudisha nilifanya mwenyewe.

Nyoosha matairi. Zima gari, toa kichwa hasi cha betri, halafu subiri: Toyota wanataka sekunde 90, mimi nilisubiri nusu saa. Pembeni mwa usukani, nyuma ya vifuniko vidogo, kuna skrubu mbili za nyota, T30. Zilegeze, eabegi inatoka, chomoa soketi yake ya njano taratibu, uilaze uso juu, mbali na watoto. Usiipime kwa mita ya umeme kamwe. Nati ya katikati ni soketi ya 19. Ilegeze lakini iache kwenye nyuzi chache, usukani ukiachia ghafla usikupige mdomoni. Weka alama ya rangi kwenye shafti na kwenye usukani, tumia pula, kile kifaa cha kuvutia usukani utoke, kisha bana kile kifaa cha utepe kwa selotepu kisizunguke.

Kama kimezunguka, au umeweka kipya kama mimi, kizungushe kwa mkono kinyume cha saa mpaka kiwe kigumu, kisha rudi mizunguko miwili na nusu hivi hadi alama nyekundu zikutane. Nati kaza kwa spana ya kupimia, nyutoni mita 50. Skrubu za eabegi 8.8 tu, usizimalize nyuzi.

Betri ukiifunga, washa swichi ukiwa umekaa pembeni, uso mbali na usukani. Taa ya eabegi iwake kidogo, izime yenyewe. Kisha tafuta barabara iliyonyooka. Gari likienda sawa huku usukani umelala upande, usikimbilie alaimenti ya matairi. Umekosea jino moja la shafti, rudi ufungue.