Weka chini hiyo hela ya RAM, soma Slogan ya faili la kuanguka kwanza

Mkuu, usinunue. Programu yako ya lugha ya Elixir inakufa ovyo, leo baada ya siku mbili, kesho baada ya wiki, msimamizi (supervisor, kazi yake ni kufufua programu ndogo zikifa) haifufui, na umeshapata mtu wa kukuuzia RAM. Ikishindikana unahamia lugha ya Go, halafu unauliza na namna ya kupanga logi (maandishi ya matukio ya programu). Logi gani wakati unakaribia kupigwa mchana kweupe?

Mimi nilishapigwa. Mfumo wetu ni wa stakabadhi za dagaa, tunaanzia Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kuhudumia masoko mengine ya mwambao. Kila gunia, kila mzani, kila malipo ya simu yana namba yake, na zote zinapita kwenye seva moja. Ikaanza kufa. Fundi mmoja hapa mjini akachomoa RAM, akaisugua kwa kifutio cha penseli, akaipuliza, akanitazama kwa huruma: "Hii imechoka, bosi." Nikanunua mpya. Ikatulia! Nikamsifia kwenye magrupu yote. Ikafa. Akasema pawa saplai. Nikanunua, ikatulia, ikafa. Akahamia kwenye UPS, eti umeme wa huku si naujua. Kodi ya fremu ikaishia humo, na bado namwambia asante. Ile RAM "iliyochoka" iko kwenye kompyuta ya mdogo wangu, anachezea gemu, haijawahi kumsumbua.

Kilichonichanganya zaidi: ilikuwa inakufa sana kipindi cha giza, mbalamwezi ikitoka inapoa. Nilibakiza kidogo niitafutie mganga. Kumbe dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwaka wavuvi wengi wanapumzika, stakabadhi zinapungua. Seva ilikuwa haifi kwa siku, inakufa kwa hesabu. Na kubadilisha kifaa chochote lazima uzime mashine, ukizima hesabu inarudi sifuri. Ndiyo maana kila dawa ya fundi ilionekana kuponya.

Hesabu ya nini? Mashine ya Erlang (ya programu, si ya chuma), ambayo Elixir inakimbia juu yake, inaweka atomu zote, yaani majina ya kudumu ya ndani ya programu, kwenye jedwali moja. Atomu ikishaingia haitoki, hakuna fagio linalopita humo. Kikomo cha kawaida ni 1,048,576. Likijaa, haifi programu ndogo moja ambayo msimamizi angeifufua. Inaanguka mashine nzima, na msimamizi ndani yake.

Nani alikuwa analijaza? Mimi, kwa ushauri wa mwalimu mmoja wa video, Mungu anamwona. "Unaposoma JSON weka `keys: :atoms`, utaandika `data.bei` badala ya `data["bei"]`." Amenipunguzia mabano mawili na alama za kunukuu, akanitoa pumzi. JSON ni maandishi ya ufunguo na thamani yake, na hiyo `keys: :atoms` inageuza kila ufunguo kuwa atomu. Data zetu zilikuwa zinakuja namba ya stakabadhi ikiwa ndiyo ufunguo, kwa hiyo kila gunia jipya likawa atomu mpya. Nyaraka za `String.to_atom`, inayogeuza neno kuwa atomu, zinaonya hili waziwazi, ila nani anasoma nyaraka wakati kuna video ya dakika kumi?

Na jibu lilikuwepo muda wote. Mashine ikianguka yenyewe huandika faili `erl_crash.dump` kwenye folda ilikowashwa, na mistari ya juu kabisa ina neno Slogan. Langu lilisema `no more index entries in atom_tab`. Basi. Ukikuta `eheap_alloc`, hapo kumbukumbu imeisha kweli, lakini tafuta kwanza nani anaila: mara nyingi ni mchakato mmoja uliorundikiwa ujumbe. Faili lisipokuwepo kabisa, angalia `dmesg` (ujumbe wa Linux yenyewe): huenda Linux ndiyo imeiua, au maktaba ya C uliyoipachika ndiyo imeiangusha.

Kama ni atomu, piga `:erlang.system_info(:atom_count)` asubuhi na jioni uone inavyopanda. Toa `keys: :atoms`, acha funguo ziwe maneno ya kawaida, pasipokwepeka tumia `String.to_existing_atom`, haiundi atomu mpya. Usiongeze kikomo kwa `+t` ukadhani umetibu, utakuwa umesogeza msiba mbele.

Nakili hilo faili sasa hivi, kabla hujawasha tena, maana ikianguka mara nyingine linaandikwa juu yake. Na kama unatumia kontena, ukiifuta limeondoka nalo. Halafu piga `head erl_crash.dump` ubandike hapa. Huyo muuzaji akikupigia, usipokee.