Jeli ya kufungia kidonda chenye usaha: niliyoyaona nikimuuguza baba

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kidonda cha mguuni mwa mama yako kimeanza kutoa usaha na harufu, na umeuliza kama haidrojeli yenye madini ya fedha inaweza kukiponya bila yeye kuendelea kumeza antibiotiki. Nilimuuguza baba yangu, mgonjwa wa kisukari, kwa miezi saba akiwa na kidonda kwenye muundi. Jeli ya aina hiyo ilitusaidia sana, lakini nakusihi mama asiache vidonge alivyoandikiwa, kwa sababu jeli hufanya kazi juu ya kidonda tu, wakati bakteria huweza kuwa wamekwisha kuingia ndani ya nyama au hata kufika kwenye mfupa.

Haidrojeli ni mtandao wa molekuli ndefu zilizoshikamana, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ndiyo maana hufaa kidonda kikavu chenye utando wa manjano wa nyama iliyokufa: unyevu huulainisha utando huo taratibu, kisha vimeng'enya vya mwili wenyewe huumeng'enya hadi ukaachia. Wengi tulilelewa tukiamini kwamba kidonda sharti kikauke, ilhali mtafiti George Winter alionyesha mwaka 1962, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya karibu mara mbili kwa kasi kuliko kilichoachwa wazi. Kwa baba, nafuu ya kwanza ilikuwa ya maumivu, kwa kuwa jeli haigandi kwenye nyama kama shashi kavu inavyoganda.

Hata hivyo, unyevu peke yake hauui bakteria, na ndiyo sababu huongezwa dawa kama fedha, iodini au kaitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Ayoni za fedha, yaani chembe zake ndogo sana zenye chaji ya umeme, hushika protini za bakteria na kuharibu utando wa seli zao. Shida ni kwamba katika kidonda cha muda mrefu bakteria hujifunika kwa ute mzito wanaoutengeneza wenyewe, ambao dawa huupenya kwa taabu. Muuguzi aliyetufundisha alisisitiza kwamba kuosha vizuri na kuondoa uchafu huo kila mara kuna uzito kuliko chapa ya jeli, na baada ya wiki chache niliona kwa macho yangu kwamba alisema kweli.

Kosa letu kubwa lilikuwa kupaka jeli wakati kidonda kilikuwa kinatoa majimaji mengi, kisha kuifunika kwa siku tatu tukidhani kwamba dawa itapata muda wa kufanya kazi. Tulipofungua, ngozi ya pembeni ilikuwa nyeupe na yenye mikunjo, kama vidole vilivyokaa majini, na kidonda kilikuwa kimepanuka. Kidonda cha namna hiyo huhitaji kifungio kinachofyonza, kwa mfano cha alginati, ambayo hutokana na mwani. Majimaji yalipopungua tulirudia jeli, safari hii tukiibadilisha kila siku.

Soma pia karatasi ya maelezo kabla ya kununua. Baadhi ya vifungio vya fedha havipaswi kuloweshwa kwa maji ya chumvi, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi huifunga fedha ikapoteza nguvu; iodini nayo haimfai mjamzito wala mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo bila ushauri wa daktari. Ikiwa mama ana kidole au kisigino kilichogeuka kuwa cheusi na kikavu, usikipake jeli kabisa kabla daktari hajapima mzunguko wa damu mguuni, kwani kukilowesha kunaweza kufungulia maambukizi njia. Jeli yenye dawa ikitumika kwa wiki mbili bila mabadiliko, mpango wote uangaliwe upya.

Leo hii, kabla ya kununua chochote, chora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa wekundu wa ngozi iliyo kando ya kidonda. Wekundu ukivuka mstari huo, au mama akipata homa, baridi ya kutetemeka au kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.