Chipu: Tafuta Kwanza Mpira Utaangukia Wapi, Fimbo Itafuata

Kwa miaka minne kwenye gofu nilikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa: weji ya digrii 60, fimbo yenye uso ulioinama sana. Mpira ukibaki nje kidogo ya grini, zile nyasi fupi sana zinazozunguka shimo, mkono ulikwenda kwenye weji hiyo wenyewe, hata kabla macho hayajafika kwenye kibendera. Nilikuwa nimewaona wachezaji wakubwa kwenye televisheni wakiupandisha mpira juu, ukatua na kutulia tuli karibu na shimo, nikadhani hiyo ndiyo chipu.

Siku nilipoachana na ujinga huo naikumbuka vizuri. Tulikuwa shimo la 18, wawili kwa wawili, na tuko sare. Mpira wangu ulikuwa hatua mbili nje ya grini, nyasi fupi, mbele yangu tambarare tupu, na shimo liko kama hatua 15. Hakuna bunka (mtego wa mchanga) katikati, hakuna tuta. Nikachomoa digrii 60. Makali ya chini ya fimbo yakaugonga mpira tumboni, ukatoka kama risasi, ukapita kibendera, ukapita grini yote, ukaenda kujizika kwenye bunka ya upande wa pili. Mwenzangu, mzee aliyeanza gofu kabla sijazaliwa, hakusema kitu mpaka tulipomaliza kupeana mikono na waliotushinda. Ndipo akaniuliza, "Kijana, pale kulikuwa na nini cha kuruka?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Sasa ulikuwa unaruka nini?"

Tangu siku hiyo najiuliza swali lake kabla sijagusa mfuko. Chipu ni mpigo ambao mpira unakaa hewani kidogo na kubingiria sana. Hewani una kazi moja tu, kuvuka nyasi usizoziamini na kufika kwenye grini. Ukishafika, uache utembee. Mpira unaobingiria kwenye grini unafuata mteremko, na mteremko unaweza kuusoma kwa macho. Mpira unaotoka juu unategemea umeugusaje, umezunguka kiasi gani, na umeangukia pagumu au palaini. Mambo matatu hayo yote yanaweza kukusaliti kwa pamoja.

Kwa hiyo kwanza natafuta mahali pa kuangukia: hatua moja hivi ndani ya grini, pawe tambarare kadiri inavyowezekana. Kisha nahesabu hatua. Kutoka kwenye mpira hadi pale ni ngapi, na kutoka pale hadi shimoni ni ngapi? Tuseme ni 3 za hewani na 12 za kubingiria. Kumi na mbili gawanya kwa tatu ni nne, yaani mpira unatakiwa kubingiria mara nne ya umbali wa hewani. Hapo ndipo inapoingia hesabu ya zamani ya wachezaji gofu, kanuni ya 12: toa hiyo nne kwenye 12, inabaki 8. Chukua fimbo namba 8 (namba ikiwa kubwa, uso umeinama zaidi na mpira unabingiria kidogo). Ikitoka tatu, ni namba 9. Ikitoka mbili, ni weji ya kupichi, ambayo kwenye hesabu hii inahesabiwa kama namba 10. Ikitoka moja kwa moja, yaani hewani na chini ni sawa, hapo ndipo weji ya mchanga inapata kazi yake.

Hesabu hiyo ni ya grini tambarare yenye kasi ya kawaida. Ukipanda, shuka namba moja, kwa mfano kutoka 8 kwenda 7, ili mpira upate mwendo zaidi. Ukiteremka, fanya kinyume chake. Na angalia fimbo zako ni za lini. Weji ya kupichi ya zamani ilikuwa na digrii 48 hivi au zaidi, lakini katika seti nyingi za sasa imeshuka hadi 44 au pungufu. Inaitwa weji, ila inabingiria kama namba 9 ya baba yako. Mimi mwenyewe nilipobadilisha seti nilihangaika wiki tatu nikipita shimo, nikilaumu mikono.

Mpigo wenyewe unabaki uleule, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Miguu karibu karibu, uzito mguu wa mbele, mpira nyuma kidogo ya katikati, mikono imetangulia kichwa cha fimbo, viwiko havichezi sana. Unapiga kama unaputi, yaani kama unausukuma mpira ubingirie kwenye grini. Kinachobadilika ni fimbo. Wapo walimu wanaofundisha kinyume, kwamba chukua weji moja na ujifunze kuifanya iseme lugha zote. Sipingi. Mwenye nafasi ya kufanya mazoezi kila siku anaweza. Mimi nacheza Jumamosi.

Kabla ya hesabu zote, lakini, tazama mpira umekaa wapi. Ukizama kwenye nyasi ndefu, sahau namba 7, itanaswa. Hapo unahitaji weji yenye uso ulioinama ili uutoe, na ujue kwamba nyasi zitakazoingia kati ya uso na mpira zitaupunguzia mzunguko, hivyo utatembea zaidi ya ulivyotarajia. Ukikaa kwenye ardhi kavu iliyobanana, weji yenye kitako kinene itadunda chini na kuupiga mpira tumboni, kama nilivyofanya mimi. Hapo hata fimbo ya kuputi si aibu. Mmarekani Todd Hamilton alishinda The Open ya 2004, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, pale Royal Troon baada ya kumaliza sare na Ernie Els, na katika mashimo ya nyongeza aliusukuma mpira kuelekea shimo la mwisho kwa haibridi, fimbo ambayo wengi wetu tunaitumia mbali kabisa na grini.

Kwa mazoezi, tandika taulo mahali pa kuangukia na upige mipira mitano kwa kila fimbo: namba 7, namba 9, weji ya mchanga. Mpigo mmoja, taulo lilelile. Usiangalie shimo. Angalia tu kila fimbo inaishia wapi, kisha pima kwa hatua. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba namba 9 yangu inabingiria karibu mara tatu na nusu, si tatu, na kuanzia hapo hesabu ikawa yangu mwenyewe.

Digrii 60 bado imo mfukoni. Inatoka mfukoni pale bunka inapokuwa kati yangu na kibendera, na kibendera kiko karibu mno na ukingo, basi.

Mwezi uliopita nilijikuta tena shimo la 18, karibu palepale. Nikahesabu, nikachukua 8, mpira ukaangukia nilipotaka, ukatembea vizuri, ukasimama kama mita moja kabla ya shimo. Nikamgeukia mzee nikitabasamu.

"Hukuona pale mwisho panapanda?" akasema. "Ilikuwa 7."