Alendroneti si dawa ya kutuliza maumivu

SWALI: Nina miaka 62, na hedhi ilikoma nikiwa na miaka 49. Niliteleza sebuleni nikavunjika mkono karibu na kiganja, daktari akaniandikia alendroneti, dawa ya mifupa iliyopungua, ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Miezi minne imepita, magoti bado yananiuma na kiungulia kimeanza. Je, niiache, nibaki na kalsiamu na unga wa mitishamba ninaouziwa mtaani?

JIBU: Mama, usiiache kwa sababu ya magoti. Mfupa unaopungua hauumi mpaka siku unapovunjika, na dawa hii huzidhibiti seli zinazomega mfupa, ambazo huzidi nguvu homoni ya estrojeni inaposhuka baada ya hedhi kukoma. Maumivu ya magoti yana chanzo chake na yapimwe peke yake.

Kuhusu kiungulia, nikiuliza hapa kwenye dirisha la dawa, wengi huniambia wamemeza kidonge kwa chai ya maziwa, kisha wakarudi kulala. Maziwa huzuia dawa isifyonzwe, na kidonge kinachokwama kooni huunguza njia ya chakula. Kimeze unapoamka, kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha ukae wima nusu saa kabla ya chai. Kalsiamu iwe ya mchana. Ikiwa kiungulia kinaendelea hata hivyo, au kumeza kunauma, simamisha kidonge umwone daktari, kwani ipo dawa nyingine ya mifupa, asidi ya zoledroniki, inayotolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka baada ya kupima figo na kiwango cha kalsiamu katika damu. Kalsiamu pekee, iwe ya vidonge au ya dagaa, ni ya lazima lakini haitibu mfupa uliokwisha kuvunjika kwa kuteleza tu.

Kinachonikera ni huo unga. Dawa nyingi zinazoitwa za asili za viungo, zikipimwa maabara, zimekutwa na deksamethasoni au prednisoloni, yaani steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe, zilizofichwa ndani yake. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu kwa siku mbili akamsifu muuzaji, huku steroidi hizo zikimla mifupa ileile, uso ukivimba na kuwa wa mviringo, sukari na presha vikipanda. Anayeuza kopo lisilo na lebo kwa mama aliyekwisha kuvunjika mkono anamwandalia kuvunjika nyonga. Kama hujaanza kuutumia, usiuguse. Aliyeutumia kwa wiki kadhaa naye asiukatize ghafla nyumbani, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huenda zimeacha kutengeneza homoni yake mwenyewe. Afike hospitali mapema, na kopo lenyewe mkononi.